SOMO: Taa zinazofuata usukani (AFS) kwenye Harrier, jinsi ya kuzikagua

Kila wiki naletewa swali lilelile inboksi: "Mkuu, taa ya AFS OFF kwenye deshbodi inapepesa, ninunue taa mpya za mbele?" Usinunue kitu. Soma kwanza.

Usiku ukikata kona, taa za kawaida zinamulika kule bonneti inakotazama, yaani korongoni, wakati lami imeshapinda. AFS inasoma usukani na mwendo, halafu mota ndogo inageuza lenzi ikuonyeshe unakoelekea. Toyota waliiweka kwenye Harrier ya 2003.

1. Angalia swichi ya AFS OFF. Taa ya deshbodi ikiwaka tu, umeizima mwenyewe. Ikipepesa, kuna hitilafu.

2. Kagua fyuzi na betri.

3. Elekeza gari ukutani usiku, washa injini na taa. Mwanga ukicheza kidogo kisha ukatulia, mota ni nzima. Kuzungusha usukani gari likiwa limesimama si kipimo, mfumo unasubiri gari litembee.

4. Sensa ya urefu, inayopima gari limeinama kiasi gani ili mwanga upandishwe au ushushwe. Hapa ndipo mafundi wanapoharibu. Iko nyuma chini, imeungwa na mkono wa saspensheni kwa kijiti chembamba. Ukiweka spesa (vipande vya kuongeza kimo kwenye springi) kunyanyua gari lote, sensa inaona nyuma kumepanda, inadhani pua imeinama, inapandisha mwanga. Wewe unafurahi unaona mbali, dereva wa lori anayepanda mlima Kitonga haoni kitu. Gari moja lililetwa kwangu kijiti kimefungwa kwa waya ili taa ya deshbodi iache kupepesa. USIKUBALI. Dawa ni kurudisha sensa sifuri kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari, gari tupu, sehemu tambarare. Na msichomoe soketi ya balbu za HID (xenon) taa zikiwa zimewashwa. Zinapoanza kuwaka hupita volti 20,000 na zaidi.

5. Pima: ukuta ukiwa mita 5, ukingo wa juu wa mwanga wa dimu uwe kama sentimita 5 chini ya kimo cha taa yenyewe.

MASWALI

Kibopa: Yangu inapepesa, taa bei gani?
Mleta somo: Hatua ya 4.
Kibopa: Sina muda wa kusoma yote, we taja bei.
Mleta somo: Basi endesha mchana.

Binti Usambara: Nimetoka alaimenti, sasa mwanga unaangalia pembeni hata barabara ikinyooka. Inahusiana?
Mleta somo: Sana, dada. Sensa ya usukani imepoteza katikati yake. Rudi wairekebishe na mashine, taa zenyewe wasiziguse. Swali zuri.

Mzee wa Spana: Wazo hili lilianza na Wajapani?
Mleta somo: Hapana, mzee wangu. Tucker ya Marekani, 1948, ilikuwa na taa ya tatu katikati, inawaka usukani ukipita nyuzi 10. Citroën DS ya 1967 iligeuza taa za full kwa kebo tu, bila kompyuta.

Dogo Namanga: Gari langu limetoka Ujerumani, kila mtu ananipigia full.
Mleta somo: Kule wanapita kulia, kwa hiyo mwanga wako unapanda kulia, usoni mwa wanaokuja. Taa za Japani zinatufaa kwa sababu nao wanapita kushoto. Baadhi ya gari za Ulaya zina kiswichi cha kubadilisha nyuma ya taa, mwambie fundi achungulie.

Kibopa: Nikiweka LED za kichina je?
Mleta somo: Kwenye taa ya halojeni? Mwanga unatawanyika ovyo. Hatua ya 5, ujionee mwenyewe ukutani.