Kurekebisha Koti la Mtumba kwa Cherehani ya Nyumbani

Kuanzia Juni hadi Agosti, kipupwe kinapoingia Dodoma na upepo wa asubuhi unapokuwa mkali, koti huwa vazi la lazima kwa anayetoka nyumbani mapema, na mtu akipita kwenye meza za mitumba za soko la Sabasaba hakosi kuliona koti zuri ambalo kasoro yake ni kwamba lilikatwa kwa ajili ya mwili wa mtu mwingine. Kasoro nyingi za aina hiyo hurekebishika nyumbani kwa cherehani ya kawaida, mkasi unaokata sawasawa, wembe, chaki, futi kamba na pasi. Iliyo ngumu kweli ni moja tu, nayo ni bega, kwa hiyo kazi ya kurekebisha koti huanzia pale mezani, kabla hujatoa fedha.

Livae koti juu ya shati au sweta utakayoivaa nalo, kisha utazame mshono unaounganisha mkono na bega: unapaswa kuishia pale mfupa wa bega unapoishia, au kupita kidogo, isizidi sentimita moja. Sababu ya ukali huu ni kwamba sehemu ya juu ya mkono wa koti hukatwa ikiwa kubwa kuliko tundu inamoingia, ikapunguzwa taratibu kwa uzi na mvuke, na ndani yake kuna pedi pamoja na tabaka za kitambaa kigumu. Kuifumua na kuirudisha bila mikunjo ni kazi inayomtoa jasho hata fundi mzoefu. Koti lenye mabega sahihi na kiuno kipana mno ni biashara nzuri, lakini koti lenye kiuno sahihi na mabega yanayoning'inia liache hapo hapo, hata likishuka bei namna gani.

Namba iliyoandikwa ndani ya kola ikusaidie kuchagua la kujaribu, isikuamulie. Katika makoti ya kiume ya Ulaya, namba 50 maana yake ni kifua cha sentimita 100, kwa kuwa namba hiyo ni nusu ya kipimo cha kifua, ilhali namba 40 ya Uingereza au Marekani ni kifua cha inchi 40, yaani karibu kipimo hicho hicho. Baada ya hapo kagua makwapa kama yameoza kwa jasho, viwiko kama vimechakaa hadi kuonyesha mwanga, na kifua kama kina mapovu madogo chini ya kitambaa. Mapovu hayo hutokea pale gamstifu, yaani kitambaa cha ndani cha kukazia, iliyogandishwa kwa gundi inapoachia, na pasi ya nyumbani ni nadra kuyaondoa yasirudi. Kifungo kilichopotea, bitana iliyochanika na zipu iliyokufa si sababu za kuliacha koti, bali ni sababu za kupunguziwa bei.

Ukishafika nyumbani, chomoa nyuzi mbili tatu kutoka kwenye pindo la ndani uziunguze kwa kiberiti juu ya sahani. Sufu hunuka kama nywele zinazoungua na kuacha jivu linalopondeka, pamba hunuka kama karatasi, na poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Jaribio hili linakuambia jinsi ya kufua, na kufua ni lazima kutangulie kukata, kwa sababu kitambaa kitakachoruka, yaani kupungua kikifuliwa, kiruke kabla ya kupimwa. Sufu isiwekwe kwenye maji ya moto wala isisuguliwe, maana hujikaza ikawa nzito na fupi. Iloweke kwa muda mfupi katika maji baridi yenye sabuni laini, ikamue kwa kuibana ndani ya taulo na uilaze kivulini. Maji ya visima vya Dodoma yana chumvi na sabuni haitoi povu kwa urahisi, hivyo suuza zaidi ya ulivyozoea, la sivyo kitambaa cheusi kitabaki na ukungu mweupe. Jua la hapa nalo hufifisha rangi upesi, kwa hiyo hata koti la pamba lianike likiwa limegeuzwa nje ndani.

Sasa lifungue. Watu wengi hufumua pindo lote la chini na kulivuruga koti, ilhali lango jepesi liko ndani ya mkono: fumua mshono wa bitana wa mkono mmoja kwa urefu wa kama sentimita 25, kisha livute koti lote lipitie hapo hadi ligeuke. Katika kufumua usivute kwa nguvu. Kata kwa wembe nyuzi za upande mmoja, mshono mmoja kila baada ya mitatu, halafu uuvute uzi wa upande wa pili nao utatoka mzima.

Kiuno hupunguzwa kwanza katika mshono wa katikati ya mgongo. Livae koti likiwa upande wake wa nje, mtu akusaidie kulibana kwa pini mgongoni; ukilivaa limegeuzwa, bega lako la kulia litakuwa limepimwa na upande wa kushoto wa koti, na watu wachache sana wana pande mbili zinazolingana. Hamishia alama ndani kwa chaki, chora mstari unaoanzia sifuri chini kidogo ya kola, unaoingia ndani polepole hadi kiunoni, kisha unaorudi nje kuelekea nyonga, na usipunguze zaidi ya sentimita 3 kwa jumla mahali hapo. Kinachobaki kigawe kwenye mishono ya ubavuni, kama sentimita 2 kila upande, kwa sababu ukizidisha ubavuni mifuko itaanza kuhamia nyuma. Piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kwa mkono kwa uzi wa rangi tofauti, livae, kaa kwenye kiti, nyoosha mikono mbele kama anayeshika usukani. Ukiridhika ndipo uingie kwenye cherehani. Bitana ipunguzwe pungufu kidogo kuliko kitambaa cha nje, vinginevyo itakuwa inavuta koti kutoka ndani kila unapoinama.

Kila mshono unaoupiga upigwe pasi kabla ya kuvukwa na mwingine. Ufungue mshono kwa vidole, utandaze juu yake kitambaa cha pamba chenye unyevu, ukandamize bila kusugua, kisha uache upoe. Mwenye pasi ya mkaa akung'ute majivu mbali na koti na ajaribu kwanza kwenye kitambaa kingine, kwani cheche moja hutoboa poliesta papo hapo. Kwa maoni yangu, tofauti kati ya koti lililorekebishwa nyumbani na lililotoka kwa fundi iko zaidi kwenye pasi kuliko kwenye cherehani.

Mikono mirefu ni kazi ya jioni moja ikiwa vifungo vyake ni vya mapambo. Pima hadi kwenye mfupa wa kifundo, acha sentimita 4 za pindo, na ukate bitana ili iungane na pindo ikiwa na mkunjo mdogo wa kupumulia. Ikiwa matundu ya vifungo yamekatwa kweli, usikate huko chini, maana matundu yatabaki yamekaribia ukingo kwa namna isiyopendeza.

Bitana iliyochakaa ndiyo nafasi ya kulifanya koti liwe lako. Iondoe yote, ifumue vipande vyake, uvipige pasi na uvitumie kama ruwaza, yaani vielelezo vya kukatia, juu ya khanga au kitenge ambacho umekwisha kukifua, kwa sababu vitambaa hivyo hupungua na vingine huchuja rangi inayoweza kuharibu shati. Kipande cha mgongo kiongezee sentimita 2 za mkunjo katikati, kuanzia shingoni hadi chini, ili mabega yapate pa kuchezea. Anayetumia khanga anaweza kupanga ruwaza ili jina la khanga, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, liangukie mgongoni kwa ndani, na hiyo ni siri ya mvaaji mpaka atakapolivua koti. Mikononi, hata hivyo, usiweke pamba: hung'ang'ania shati na mkono hauteleziki. Tumia bitana laini ya zamani kama bado nzima, au nunua kipande kidogo cha kitambaa cha kuteleza kwa ajili ya mikono peke yake.

Koti ambalo mikono yake imekufa kabisa litoe mikono na pedi, ulifanye kizibao. Kata utepe wa kitenge kwa mshazari, upana wa sentimita 4, kwa sababu utepe uliokatwa kufuata nyuzi zilizonyooka hautapinda na tundu la mkono. Jaketi la jinzi linahitaji sindano namba 100 na mshono mrefu kidogo, wa milimita 3 au 3.5. Panapokutana tabaka nyingi, ponda kwanza mshono kwa nyundo ndogo na uzungushe gurudumu la cherehani kwa mkono.

Koti likishageuzwa tena kupitia lango la mkono, funga uwazi huo kwa sindano ya mkono, halafu ndipo uhamishe vifungo, kwa kuwa nafasi yake haijulikani mpaka upana mpya utulie mwilini. Weka kijiti cha kiberiti juu ya kifungo, ushone ukikivuka mara sita hivi, kichomoe, zungushia uzi chini ya kifungo mara tatu ili kipate shingo, kisha uufunge kwa ndani.