Kuchaji Gari la Umeme Ughaibuni: Mtego Uko Kwenye Soketi

Ukinunua gari la umeme huku, ndugu watakuuliza mambo mawili: linakwenda kilomita ngapi, na linajaa kwa dakika ngapi. Hakuna atakayeuliza soketi ya ukutani ina umri gani, na hapo ndipo wengi wetu tunapoungulia, wengine mfukoni, wengine ukutani kwenyewe.

Hesabu kwanza. Betri inapimwa kwa yuniti zile zile za kwenye mita, yaani kWh, na kasi ya kuchaji ni kW. Betri ya kWh 60 ikitoka asilimia 20 hadi 80 inataka yuniti 36. Soketi ya volti 230 ikitoa ampea 10 inakupa kW 2.3: karibu saa 16, na ukihesabu umeme unaopotea njiani, zinakaribia 18. Chaja ya ukutani ya ampea 32, yaani kW 7.4, inamaliza kwa saa tano na ushei. Walioko Amerika Kaskazini wakichomeka kwenye soketi ya volti 120 wanapata kama kW 1.4 tu, kwa hiyo wajipe subira.

Saa 18, basi. Birika la umeme nalo linavuta ampea 10 au zaidi, ila kwa dakika tatu. Gari linavuta hizo hizo usiku kucha na sehemu ya mchana, na soketi za nyumbani nyingi hazikuwekwa kwa kazi hiyo.

Msitegemee breka. Breka inakata umeme unapozidi kiwango, na ampea 10 kwake ni jambo la kawaida kabisa. Kinachoungua ni kiungo: skrubu iliyolegea nyuma ya soketi, au vibanio vya ndani vilivyochoka kushika plagi. Kiungo chenye ukinzani (ugumu wa kupitisha umeme) wa nusu ohm, kikipitisha ampea 10, kinatoa wati 50 za joto ndani ya plastiki. Plastiki inageuka kahawia, inalainika, vibanio vinazidi kuachia, ukinzani unapanda na joto linapanda nao. Wakati huo taa za nyumba zinawaka kama kawaida na hakuna kilichojizima.

Ekstensheni ndiyo kabisa. Usichaji gari kwa ekstensheni. Hata ile nene, hata ile iliyoandikwa ya nje. Inaongeza viungo vingine katikati, na ikibaki imeviringwa kwenye gurudumu lake joto halina pa kutokea. Mjomba akisema "mbona jirani anafanya", mwitikie kwa heshima, halafu usifanye.

Kama kwa sasa huna njia ila soketi, tumia kebo iliyotengenezwa kwa gari, ipunguze hadi ampea 8 au 6 kama inaruhusu, na baada ya saa moja iguse plagi. Uvuguvugu si neno. Ikiwa mkono hauvumilii, au kuna harufu ya plastiki, simamisha chaji kwenye gari lenyewe kwanza, ndipo uchomoe. Kuchomoa mkondo ukiwa unapita kunapiga cheche na kuharibu vibanio hivyo hivyo.

Dawa ni chaja ya ukutani yenye laini yake pekee kutoka kwenye boksi la umeme. Mwulize fundi swali moja: kifaa cha kukata umeme unaovuja kinahimili uvujaji wa DC, yaani umeme wa mkondo mmoja kama wa betri? Gari linaweza kuvujisha DC, na hiyo inapumbaza vifaa vya kawaida visikate. Kinachotakiwa ni aina B, au aina A pamoja na kitambuzi cha miliampea 6 za DC, ambacho chaja nyingi za kisasa wanakiweka ndani. Na fundi awe na leseni. Yule mwenzetu anayefunga umeme wikiendi kwa bei ya udugu anaweza kuwa hodari kweli, lakini huku mtu ni karatasi. Wenyeji hawatagombana nawe mlangoni. Watatabasamu, na siku ya moto bima itaomba cheti. Mpangaji apate ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi.

Vituo vya barabarani havina makuu: pakua programu, unganisha kadi, chomeka. Jua tu kwamba kwenye nguzo ya AC (umeme kama wa ukutani) ya kW 22, gari lenye chaja ya ndani ya kW 7 litachukua 7. Mashine za DC zinaipita chaja hiyo na kulisha betri moja kwa moja, lakini baada ya asilimia 80 kasi inashuka sana, kwa hiyo ondoka. Vituo vingi vinatoza kila dakika gari linapokaa limeshajaa. Wakati wa baridi, weka kituo kwenye ramani ya gari mapema. Magari mengi yatapasha betri moto njiani, ili ipokee chaji haraka.

Anayewaza kulisafirisha nyumbani baadaye atazame tundu la kuchajia kabla ya kununua. Ulaya ni CCS2, Amerika Kaskazini CCS1 au NACS, Japani CHAdeMO, Uchina GB/T. Adapta ya AC kati ya Type 1 (tundu la AC la Amerika Kaskazini na Japani) na Type 2 (la Ulaya) ni waya na pini tu. Ya DC kati ya CHAdeMO na CCS ina kompyuta ndani, na si kila gari linaikubali.