Pointi za Dar zimeenda Hispania: jinsi ya kujibu watu kwenye grupu la programu bila kugombana

Wakuu habari zenu. Hili jambo la kujibu watu kwenye grupu bila kugombana nimekaa nalo muda mrefu na wiki hii nimeulizwa tena na dada mmoja anayeanzisha grupu lake, kwa hiyo naandika yote hapa ili na wengine mchukue.

Nina miaka sita nalea grupu la watumiaji wa QGIS, ile programu ya ramani ya bure. Humo kuna wanafunzi, watu wa ardhi, watu wa maji, watu wa miradi ya afya wanaokusanya data vijijini kwa simu, wengi wako Tanzania, wachache Kenya na Burundi. Hii programu ilianza 2002 na mpaka leo inaendeshwa na watu wanaojitolea kwa sehemu kubwa, yaani ukikwama saa nne usiku na ripoti inatakiwa asubuhi hakuna namba ya huduma kwa wateja ya kupiga, msaada wako ni watumiaji wenzio basi. Ndo maana grupu likichafuka mi naumia, maana najua kuna mtu mahali kazi yake imelala kwa sababu ameogopa kuuliza.

Na nilichojifunza kwa miaka yote hiyo ni kwamba ugomvi karibu wote unaanzia sehemu moja, jibu la kwanza analopewa mtu aliyeuliza vibaya. Sheria za grupu ziwepo ndiyo, lakini ukiwa na sheria ishirini halafu jibu la kwanza likawa la dharau umeshampoteza huyo mtu na wengine hamsini waliokuwa wanasoma kimya kimya.

Chukua mfano huu ambao kwetu unakuja kila mwezi. Mtu anaandika "wakuu msaada pointi zangu hazionekani", yaani zile alama za maeneo aliyopima hazitokei kwenye ramani. Hamna kingine, hakuna picha, hakuna vesheni, hajasema data kaitoa wapi. Aliyezoea anajua kabisa shida inaweza kuwa nini. Dar es Salaam ipo kwenye longitudo 39.28 na latitudo -6.8 hivi, longitudo ndo X na latitudo ndo Y, sasa huyu akiziweka kinyume, X kwenye Y na Y kwenye X, pointi zake zote zinahamia Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Akisahau ile alama ya kutoa zinaenda Ethiopia. Na kama kolamu zilikuwa tupu zikasomwa sifuri zinaangukia baharini, Ghuba ya Guinea. Kwa hiyo pointi zipo, ila zipo mbali na yeye kaikazia macho Kigamboni.

Hapo ndo jibu la kwanza linakuja. Kuna anayeandika "kagugo", yaani katafute Google mwenyewe. Kuna anayetuma stika ya mtu anacheka. Kuna anayesema haya mambo tumeshajibu mara mia nyie hamsomi. Wote wanaweza kuwa wanasema kweli kwamba swali limejirudia, lakini aliyeuliza ni mara yake ya kwanza, hiyo mara mia yeye hakuwepo.

Siku moja aliyeuliza swali kama hilo alikuwa mzee, mpima ardhi aliyekaribia kustaafu, mtu aliyeanza kupima viwanja kabla baadhi yetu hatujazaliwa. Kijana akamjibu "we jamaa soma kwanza ndo uje". Hakujua anaongea na nani, profaili haikuwa na picha. Mzee hakujibu kitu, akatoka kimya kimya, na alipotoka tukapoteza mtu pekee aliyekuwa anajua vigezo vya ramani za zamani kwa kichwa. Mi nilikuwa naona ile mesiji nikasema nitaishughulikia baadaye, na hiyo baadaye ilikuwa nimechelewa. Nilimpigia simu nikamwomba radhi, aliniitikia vizuri tu lakini hakurudi.

Toka siku ile tukakubaliana kitu kimoja, mtu usiyemjua unamjibu kama vile anaweza kuwa baba yako au mama yako mdogo. Huhitaji kuandika shikamoo kwa kila mtu, ila "we jamaa" na "we nawe" zimetoka kabisa. Ndugu, mkuu, kaka, dada, zinatosha. Na jibu lenyewe linaenda hivi, unamwonyesha umeelewa anachohangaika nacho, unampa kitu kimoja cha kujaribu sasa hivi, halafu unamwomba kitu kimoja tu ambacho kitakusaidia ukijibu tena. Mfano:

"Karibu ndugu. Inawezekana zipo ila zimeangukia mbali, bofya kulia jina la leya yako (lile tabaka la ramani lenye pointi zako) halafu chagua kuza mpaka kwenye leya, utuambie ramani imekupeleka wapi. Ikikupeleka Hispania tutajua X na Y zimegeuzana. Na kama hutojali tuma mistari miwili ya mwanzo ya faili lako."

Ona hapo, kitu kimoja cha kufanya na kitu kimoja cha kuleta. Ukimpa mtu maswali nane kwa mkupuo, vesheni gani, kompyuta gani, faili la aina gani, umelitoa wapi, anahisi yuko polisi. Mengine yatakuja yenyewe akishaona unamsaidia.

Na upande wa anayeuliza pia kuna kazi, maana mtu anayejibu anatumia bando lake na muda wake. Kwenye grupu letu kuna mesiji imebandikwa juu inayosema ukija na swali tuambie ulikuwa unataka kupata nini, umefanya nini, kikatokea nini, na vesheni unayotumia. Basi, hayo manne. Ile mesiji ya kosa inayotokea kwenye skrini ikopi uipesti kama maandishi, usiipige picha kwa simu kompyuta imekaa upande na mwanga wa dirisha unang'aa, hatuoni kitu na hatuwezi kuikopi tukaitafuta. Voisi noti ya dakika nne vilevile tunaomba hapana, aliye kwenye daladala hawezi kuisikiliza na baada ya mwezi huwezi kuitafuta kwa neno, ila kama mtu kuandika ni shida kwake tunampokea na voisi yake na mmoja wetu anaandika kwa kifupi chini yake kilichosemwa.

Kitu ambacho watu wanasahau sana ni data za watu. Mtu anatuma faili zima la wagonjwa au la wenye viwanja, majina na namba za simu ndani, ili asaidiwe kolamu moja tu. Hilo ni kosa na lina sheria yake, Kenya wana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Tukiliona hatumfokei, adimini anafuta faili haraka kwanza, halafu anamfuata inboksi na kumwonyesha jinsi ya kutoa mistari mitano, majina akaweka A, B, C, ikatosha. Ukimfokea mbele za watu wakati faili bado liko pale umefanya kazi nusu, watu wanaendelea kulidanlodi huku mnabishana.

Sasa tuje kwa wanaojua, maana magomvi makubwa tuliyowahi kupata hayakuwa ya wageni, yalikuwa ya wataalamu wawili. Mwanafunzi aliuliza Dar atumie kodi gani ya mfumo wa koordineti, yaani ile namba inayoiambia programu vipimo vyako vinasomwa kwa mfumo upi. Mmoja akasema 32737, mwingine akasema 21037, ndani ya nusu saa wameshafika kwenye umesoma chuo gani wewe. Na wote walikuwa sahihi! Ya kwanza ni ya WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS, data ikitoka kwenye GPS au simu ndo inakofikia. Ya pili ni ya Arc 1960, mfumo wa zamani ambao ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki na nyaraka za ardhi zimechorwa nayo. Ukikosea kuchagua pointi inahama kama mita 300 hivi, yaani nyumba inahama mtaa, kwa hiyo ubishi wenyewe una maana. Lakini hakuna aliyemuuliza yule mwanafunzi data yake imetoka wapi. Tena kama angekuwa Dodoma zote mbili zingekuwa si zenyewe, maana mifumo hii inagawa dunia kwa kanda, kodi zote mbili ni za kanda ya 37, na Dodoma iko kanda ya 36, 37 inaanzia mashariki yake.

Kwa hiyo tukaweka utaratibu, kabla hujamrekebisha mwenzio aliyejibu muulize kwanza aliyeuliza, inawezekana mwenzio ameona kitu ambacho hujakiona. Na kama kweli amekosea, rekebisha jibu na utaje sababu, usimtaje yeye. "Hiyo itafanya kazi kama data ni ya GPS, ila hii imetoka kwenye ramani ya zamani kwa hiyo jaribu 21037" ni tofauti kabisa na "usimpotoshe mtoto wa watu". Aliyerekebishwa naye akisema "kweli nimekosea, asante" tunashukuru wazi wazi, maana mkubwa akikubali kosa lake hadharani mdogo anapata ujasiri wa kuuliza.

Kuna wanaoamini ukali ndo unaleta ubora kwenye mambo ya kompyuta, na mfano wao siku zote ulikuwa Linus Torvalds mwenye Linux, ule mfumo endeshi wa kompyuta wa bure, aliyekuwa maarufu kwa barua pepe za matusi kwa waliomletea kodi mbovu, yaani maandishi ya programu. Huwa nawakumbusha kilichofuata. Septemba 2018 mwenyewe aliomba radhi hadharani kwa maneno yake, akakaa pembeni kwa muda ajitafakari, na mradi ukapitisha kanuni za mwenendo. Akarudi Oktoba na Linux inaendelea kutoka mpaka leo. Kukataa kodi mbovu bado anakataa, kilichobadilika ni kumtukana mtu.

Halafu linki. Kumpa mtu linki siyo vibaya lakini linki tupu ni mlango umefungwa, hasa kama ukurasa ni wa Kiingereza na una urefu wa mkono. Weka linki na mstari mmoja wa Kiswahili, nenda sehemu ya tatu pale wanapoongelea kitenganishi, ile alama inayotenganisha kolamu, Excel yako imehifadhi kwa nukta mkato badala ya mkato. Sekunde ishirini zimekutoka, mwenzio umemwokolea jioni nzima.

Hili la sasa nawaomba maadimini wanaume mlisome mara mbili. Dada akiuliza swali kwenye grupu, mara nyingi jibu halijafika lakini inboksi yake imeshajaa mambo, mrembo uko wapi, nikusaidie tukutane. Mmoja aliniambia alikaa miezi minne bila kuuliza kitu, anasoma majibu ya wengine tu, kwa sababu kila akiuliza ni hivyo. Miezi minne mtu amejinyima msaada na sisi tulikuwa tunajisifu grupu letu tulivu. Kwetu sasa, ukiacha adimini anayeshughulikia kosa, hakuna kumfuata mtu inboksi bila kumwomba hapo hapo grupuni na yeye akakubali. Ukikiuka, ukaletewa skrinishoti kwa adimini, unatoka siku hiyo hiyo bila onyo, hii ndo sheria pekee isiyo na onyo. Na tuna adimini mwanamke, ili kuwe na mtu wa kumweleza bila aibu.

Makosa mengine yote yanaanza na inboksi ya adimini, kwa upole, "kaka ile mesiji imemuumiza mwenzio, naomba uifute uiandike upya". Wengi wanafanya. Ikijirudia unasema tena na unamwambia ya tatu itakuwaje. Ya tatu anapumzika mwezi na anaambiwa tarehe ya kurudi, na akirudi anapokelewa, hakuna kumkumbusha. Usimsute mtu mbele ya watu mia tatu, hapo atajitetea tu na kundi lake litaingia. Ugomvi ukiwaka usiku adimini afunge grupu waandike maadimini pekee, aandike mstari mmoja kwamba tunafungua saa mbili asubuhi, hiyo sehemu kwenye WhatsApp ipo na inasaidia kuliko hotuba. Asubuhi watu wengi hawakumbuki hata walikuwa wanabishania nini.

Picha za asubuhi njema, mikeka ya kubeti, siasa, na wanaoomba kraki za programu za kulipia (zilizovunjwa kufuli zitumike bure), hizo futa bila maelezo marefu. Kraki hasa, nimeona kompyuta mbili zimekufa na virusi kwa hizo.

Cha mwisho, tunza majibu. Swali likiisha mwombe mwenye nalo aandike IMETATULIWA na alichofanya, halafu mmoja wenu alihamishie kwenye dokumenti moja ya Kiswahili ambayo linki yake imebandikwa juu. Hapo mtu mpya akiuliza kilichoulizwa mara mia humchoki, unamkaribisha, unampa mstari mmoja na jibu lake lipo tayari limeandikwa na mtu aliyehangaika kama yeye. Kama hujui uanzie wapi anza na hilo la Hispania, maana kwenye grupu lako litaulizwa kabla wiki haijaisha.