Pakiti ya Risasi za Zamani: Uifungue au Uiache?

Umepata pakiti ya risasi za kale ambayo bado imefungwa kwa gundi, nawe unataka kuitunza kama kumbukumbu: cheti kwanza, gundi baadaye. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inataka mwenye risasi awe na cheti kinachotaja aina na idadi yake. Usidhani uzee wa risasi unakuondolea hitaji hilo. Ukiikuta pakiti kwenye mirathi na huna cheti, usiibebe kwa matatu kuipeleka popote. Iache ilipo, pigia kituo cha polisi simu, waje wenyewe.

Kwa mwenye cheti, jibu letu kwa kawaida ni: usifungue. Tuchukue pakiti ya risasi tano za .470 (saizi ya bunduki ya kuwindia wanyama wakubwa) zilizotengenezwa na Kynoch wa Witton, Birmingham, Uingereza, mali ya enzi za uwindaji ambao Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977. Risasi zenyewe zinapatikana hata zikiwa nje ya pakiti. Karatasi ambayo haijaguswa ndiyo adimu, na ukishaipasua hakuna fundi wa kukurudishia.

Wengi hufungua kwa sababu wana shaka kama kilichomo ni halisi. Shaka hiyo hupungua sana bila kupasua kitu. Weka pakiti kwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Kichwa cha .470 kina greni 500, yaani gramu 32.4, kwa hiyo vichwa vitano pekee ni gramu 162 kabla hujahesabu maganda na baruti. Pakiti ikisoma chini ya hapo, umeuziwa hewa. Kisha zima taa, umulike kwa tochi ya kukagua noti bandia, zile zinazouzwa Luthuli Avenue, Nairobi. Viwanda vya karatasi vilianza kutia dawa za kung'arisha weupe takriban miaka ya 1950. Lebo ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia iking'aa buluu nyeupe, ni nakala. Mng'ao ukiwa kwenye mstari wa gundi tu, huenda kuna aliyefungua akafunga tena, na ikithibitika hivyo, hoja ya kuilinda lakiri imekwisha.

Sababu nzuri ya kufungua ni uharibifu unaoendelea ndani. Tazama madoa ya kijani yanayopenya karatasi: hiyo ni kutu ya shaba. Unga mweupe kwenye pembe ni kutu ya madini ya risasi (Kiswahili kimeyapa madini na kitu chenyewe jina moja), inayochochewa na asidi ya katoni na mbao, na ni sumu, nawa mikono. Pakiti yenye harufu kali ya asidi, au iliyolowa kahawia, usiifungue kabisa. Baruti inaoza, ita polisi.

Ukiamua kufungua, piga picha pande zote sita ukiwa umeweka rula kando. Vaa glavu za pamba, maana jasho huacha alama kwenye shaba. Ingiza kisu chembamba cha plastiki chini ya mkunjo wa upande usio na lebo, usukume polepole. Kosa la kila siku ni mvuke wa birika: ni kweli gundi ya zamani hulainika kwa unyevu, lakini lebo hutoa rangi, na joto karibu na baruti ni wazimu. Usichomoe kichwa, usiguse kiwashio kitakoni, wala usijaribu kuifyatua.

Usisugue kwa dawa yenye amonia. Jeshi la Uingereza huko India lilishuhudia maganda yakipasuka yenyewe msimu wa mvua. Chanzo kilikuwa amonia kutoka mazizi ya farasi ikikutana na shaba iliyobaki na mkazo wa kiwandani. Kitambaa kikavu kinatosha.

Hifadhi ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, ubadilishe kabla ya mvua za Aprili na za Novemba. Ukiwa na pakiti mbili za aina moja, fungua ile iliyochakaa zaidi (si ile yenye harufu ya asidi), nyingine iache.