Athena na Poseidon: kura ya vigae darasani

Katika mradi huu wanafunzi wanabishana, kisha wanapiga kura: katika hekaya ya Kigiriki, Athena au Poseidon, nani awe mlinzi wa mji? Unakula vipindi vitatu vya dakika 40. Nimeufanya na darasa la sita na la saba, na wanachokikumbuka zaidi ni vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika, ambavyo ndivyo karatasi zetu za kura, kwa hiyo vitafute mapema.

Hatua ya 1: Vigae. Muuza vyungu hakosi vilivyopasuka. Ukilazimika kuvunja mwenyewe, funga chungu ndani ya gunia, gonga kwa nyundo, kisha piga kingo zote msasa. Kigae kizuri kinakaa kiganjani. Mwaka wa kwanza wanafunzi waliniletea vipande vya vigae vya bafuni, vile vinavyong'aa. Msumari wa kuandikia uliteleza tu.

Hatua ya 2: Simulia nusu. Athena, mungu wa kike wa hekima, na Poseidon, mungu wa bahari, waligombea ulinzi wa mji mmoja wa Ugiriki. Juu ya mwamba, Poseidon akapiga kwa mkuki wake wa ncha tatu, maji yakabubujika, lakini ya chumvi. Athena akaotesha mzeituni. Ishia hapo. Usiutaje mji, maana jina Athene litakuumbua. Mwamuzi usihangaike naye: Wagiriki wenyewe walitofautiana, wengine wakimtaja mfalme Kekrops, wengine miungu kumi na wawili.

(Mzazi akihoji habari za miungu, mfungulie Matendo ya Mitume 14, pale watu wa Listra wanapomwita Barnaba Zeu na Paulo Herme. Mimi sijapata swali la pili.)

Hatua ya 3: Gawa makundi. Hapa ndipo mradi unapopona au kufa. Mzeituni unajiuza wenyewe: mafuta ya kupikia, ya taa, ya kujipaka. Kwa hiyo wasemaji wako wakali wapeleke kwa Poseidon, la sivyo mjadala utaisha kwa dakika tano. Kila kundi lipe kadi moja ya siri, na mahali pa jina la mji andika "mji wetu".

Kadi ya Poseidon: mwaka 480 KK, Waajemi walipouteketeza mji, merikebu ndizo zilizowaokoa watu wake, katika vita vya majini huko kisiwa cha Salamis. Kadi ya Athena: Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, anasimulia kwamba mzeituni ule uliungua pamoja na hekalu, na kesho yake kisiki kikakutwa kimechipua kama dhiraa moja. Wape dakika 20 za kujiandaa, kumi za kubishana.

Hatua ya 4: Kura. Andika ubaoni ΑΘΗΝΑ na ΠΟΣΕΙΔΩΝ. Kila mmoja achore jina moja kwa msumari, polepole, kigae kikiwa juu ya meza wala si mkononi. Ile Θ, duara lenye mstari katikati, wataigombania. Vigae viingie mtungini.

Waeleze kwamba Waathene walipiga kura hivihivi kumfukuza mwanasiasa mjini kwa miaka 10.

Hatua ya 5: Hesabu. Darasa langu moja lilikuwa na wanafunzi 36. Mtungini nikakuta vigae 41. Sikugomba. Niliwasimulia kwamba mwaka 1937, kwenye kisima karibu na Akropoli, ule mwamba wa Athene, wachimbaji walipata vigae 190 vyenye jina la Themistokles, kiongozi yuleyule wa ushindi wa Salamis, na vyote vilikuwa vimeandikwa na mikono 14 hivi.

Kisha nikamwaga vigae vyetu mezani, nikawaambia wavipange kwa miandiko.