Somo: Kusaka chanzo cha mkwaruzo kwenye redio ya gari

Wakuu, kabla hujaenda dukani kununua filta (kifaa cha kuchuja kelele), jua kwanza kelele inaingilia wapi. Ina milango mitatu tu: antena, waya za umeme (ikiwemo ethi, yaani waya hasi unaofungwa kwenye bodi), na waya za sauti zinazokwenda kwenye amplifaya. Filta ya kawaida inaziba mlango wa umeme peke yake. Kama kelele inapita kwenye antena, hata ukifunga filta tano mkwaruzo utabaki palepale.

Andaa mita ya kidijitali, kiredio kidogo cha betri chenye AM, spana namba 10, msasa, na waya mnene wa mita moja na nusu hivi.

Hatua ya 1: Sikiliza kwanza

Paki mbali na nguzo za umeme. Funguo iwe kwenye ACC (redio inawaka ila injini imezimwa). Tafuta kituo cha FM kinachoshika kwa shida kidogo, kwa sababu kituo chenye nguvu humeza kelele ukadhani gari ni zima.

Kelele ikiwepo tayari hapo, achana na injini. Mtuhumiwa ni chaja ya simu, kamera ya dashibodi, alamu, au redio yenyewe. Sogeza funguo hadi ON bila kupiga stata: kwenye magari mengi pampu ya mafuta huvuma sekunde mbili hivi kisha hunyamaza, na kama mvumo ukisikika kwenye spika kwa muda huohuo, umeshampata.

Sasa washa injini. Mluzi unaopanda na kushuka na mguu wako wa mafuta ni altaneta (jenereta inayochaji betri). Mlio wa tak-tak-tak unaoongeza kasi na injini ni moto wa plagi (zile zinazotoa cheche kwenye injini). Ukishindwa kutofautisha, washa taa kubwa, feni na hita ya kioo cha nyuma kwa pamoja. Mluzi wa altaneta utanenepa kwa sababu mzigo umeongezeka, ila mlio wa plagi haujali.

Hatua ya 2: Shusha sauti hadi sifuri

Kelele ikibaki vilevile, inaingia baada ya kitufe cha sauti: amplifaya, waya za RCA (zinazotoa sauti kwenye redio kwenda kwenye amplifaya) au waya za spika. Antena haihusiki hata kidogo. Ikipungua pamoja na sauti, endelea hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Chomoa antena nyuma ya redio

Bila antena FM itatoa mshindo wa hewa, hilo ni kawaida. Wewe sikiliza ile kelele yako. Ikipotea, ilikuwa inapita kwenye antena (nenda hatua ya 4). Ikibaki, inapita kwenye umeme (ruka hadi ya 5).

Hapa magari ya Japani yana mtego. Redio zake za zamani zinashika megahezi 76 hadi 90, kwa hiyo zimefungwa ekspanda (kifaa kinachoshusha vituo vya juu ili redio ivishike) katikati ya antena na redio. Chomoa mara mbili: kwanza upande wa antena huku ekspanda ikibaki kwenye redio, halafu chomoa na ekspanda. Kelele ikiondoka ile mara ya pili tu, mbovu ni ekspanda au umeme unaoilisha. Nyingi zina waya mmoja mwekundu tu, na ethi zinaipata kupitia ganda la plagi ya antena. Ganda likilegea, ekspanda inabaki bila ethi ya maana na inaanza kulia.

Hatua ya 4: Kelele ya antena

Chomoa kila kitu kwenye tundu la kiberiti. Usizime tu, chomoa. Chaja za bei ya chini hukata umeme maelfu ya mara kwa sekunde ili kushusha volti 12 kuwa 5, na makombo ya mkato huo hufika hadi kwenye FM. Taa za LED zina kisanduku kinachofanya kazi hiyohiyo, kwa hiyo ziwashe na kuzizima huku unasikiliza. Baadaye vuta fyuzi moja moja. Ile inayonyamazisha kelele ndiyo inayokupeleka kwa mhusika.

Kiredio kina kazi yake hapa. Kiweke AM, mahali pasipo na kituo, ukipitishe taratibu juu ya dashibodi, chini ya usukani na kwenye boneti, umbali wa sentimita 10 hivi. Kelele inapovimba ndipo penye kiota.

Kisha pima antena yenyewe, ikiwa imechomolewa nyuma ya redio. Ganda la plagi hadi bodi ya gari isome chini ya omu 1. Pini ya kati hadi ganda isisome chochote. Ikisoma karibu na sifuri, kebo imegusana ndani. Vipimo hivi ni vya fimbo ya kawaida. Antena yenye kikuzaji (kinachoongeza nguvu ya mawimbi) ndani yake haipimwi hivyo. Hiyo angalia kwanza kama inapata volti 12, mara nyingi kwa waya wa bluu.

Ganda likisoma omu nyingi, fungua nati ya shina la antena. Chini yake utakuta kutu ya kahawia au rangi aliyopuliza mtu wa bodi. Piga msasa hadi chuma king'ae, paka grisi kidogo, kaza.

Hatua ya 5: Kelele ya umeme

Weka mita kwenye volti za AC (umeme unaobadilika), gusa vichwa vya betri, injini ikiwaka na taa zimewashwa. Chini ya volti 0.1 ni safi. Ikizidi 0.5, daiodi ya altaneta (inayogeuza umeme wake kuwa DC) imekufa. Tengeneza altaneta, usifunge filta. Daiodi hiyo itakuja kukuulia betri.

Rudisha mita kwenye volti za DC (umeme wa moja kwa moja, kama wa betri). Gusa hasi ya betri na ganda la redio, redio ikicheza. Ikizidi 0.1, ethi ni mbovu. Jaribu kwa ule waya mnene: funga ganda la redio kwenye chuma kitupu cha bodi usikie tofauti. Ethi ikiwa nzuri na mluzi bado upo, vuta waya wa majaribio kutoka chanya ya betri, wenye fyuzi ya ampea 10 karibu na betri, ulishe redio moja kwa moja. Mluzi ukikata, hapo ndipo filta ya koili inapostahili pesa yako.

Kwa mlio wa plagi: zima injini, pima kila waya wa plagi. Ukizidi kilo-omu 25, tupa. Hakikisha pia plagi zina kipingamizi ndani. Kwa NGK tafuta herufi R. BPR5ES inacho, BP5ES haina.

MASWALI YA WADAU

Mkuu, nimefunga LED taa kubwa, FM imekufa. Ferraiti itasaidia?
Kidogo. Zungusha waya mara tatu ndani ya ferraiti (pete ya kuzuia kelele kwenye waya), sentimita 5 kutoka kwenye kisanduku cha taa, pande zote mbili. Ila kisanduku chenyewe kikiwa kinarusha mawimbi, ferraiti haikifikii. Rudisha balbu za zamani kwa siku moja upate uhakika.

Kwangu vituo viwili vinapandana. Redio ni ya Kijapani.
Hiyo sio kelele ya gari. Ekspanda inayoshusha megahezi 12 huleta kituo cha 98 kwenye 86, na cha juu ya 102 hakifiki kabisa. Kituo chenye nguvu kilicho karibu hupenya bila kushushwa na kukalia kingine. Dawa ni redio ya FM 87.5 hadi 108, na ekspanda utoe.

Nimefunga amplifaya, mluzi umeanza siku hiyohiyo.
Chomoa RCA upande wa amplifaya. Ikinyamaza, RCA imelazwa pamoja na waya wa umeme, au ethi za redio na amplifaya hazilingani. Pitisha RCA upande mwingine wa gari. Kile kiboksi cha kutenganisha ethi kiwe cha mwisho, maana cha bei rahisi hula besi.

Yangu inakwaruza kwenye foleni tu, nikisogea kidogo inapona.
Mawimbi yanagonga majengo na kufika kwako kwa njia mbili zinazouana. Wimbi la FM lina urefu wa mita 3 hivi, ndiyo maana hatua moja ya gari inatosha kukutoa pale yanapouana. Usifungue kitu.