Kubadilisha mipira ya mafuta ya Beetle mwenyewe nyumbani, bila kuchoma gari

Wakuu, kama una Volkswagen Beetle ya kabureta hapo nyumbani na hujui mipira yake ya mafuta ilibadilishwa lini, chukulia tu kwamba imeshaoza. Mpira wa asili wa Volks umevikwa nyuzi za pamba kwa nje na hizo nyuzi zinaficha kila kitu, unaona kitambaa cheusi kikavu kizuri tu kumbe raba ya ndani ina nyufa kama kisigino cha mtu wa pekupeku. Ubinye mpira kwa vidole viwili pale unapoingia kwenye bomba, karibu na klipu. Ukiwa mgumu kama waya, au ukiacha weusi mkononi, au kidole kinanuka petroli, hapo hamna mjadala, badilisha yote. Sio mmoja, yote, maana imezeeka pamoja.

Kwenye Beetle hili jambo ni zito kuliko gari zingine kwa sababu tangi liko mbele injini iko nyuma, petroli inasafiri urefu wote wa gari alafu inafikia mahali pabaya kabisa, pampu ya mafuta na distribyuta (ile inayogawa umeme wa cheche kwenye plagi) ni majirani wa ukuta mmoja. Na bloku ya injini ni aloi ya magneziamu, ikishika moto sawasawa ukaimwagia maji ndo umeongeza moto. Gari lililoshinda Safari Rally 1954, 1957 na tena 1962, likapita matope ya nchi tatu, leo linateketea kwenye parking ya kanisa kwa ajili ya kipande cha mpira chenye urefu wa kiganja.

Kosa nililofanya mimi nalisema kabisa ili usilirudie. Mara ya kwanza nilienda dukani nikapewa ule mpira wa bodaboda unaoonyesha ndani, ukaingia vizuri, nikafurahi naona petroli inavyotembea. Baada ya miezi kadhaa ukawa wa njano, mgumu kama mrija wa soda, na siku moja kwenye foleni ya Mbezi nasikia harufu nikadhani ni ya daladala iliyoko mbele. Kufungua nyuma nakuta pampu imelowa chapachapa na injini inaunguruma. Nilizima swichi nikakaa pembeni ya barabara kama dakika kumi sijui hata nawaza nini.

Kwa hiyo kwenye kununua usiwe na haraka. Bomba la chuma la Beetle lina unene wa mm 6 kwa nje, mpira unaotakiwa tundu lake liwe mm 5 au 5.5 hivi ili ubane wenyewe kabla hata ya klipu. Ukienda Gerezani kule Kariakoo wengi watakupa wa mm 8 wa Toyota wakuambie "kaza klipu tu bosi". Usikubali, mpira mpana ukiukaza unajikunja ndani na kuacha kanjia kadogo ambako petroli inapita, na hako kanjia hukaoni. Alafu soma maandishi ubavuni mwa mpira: ukikuta SAE J30R7 au DIN 73379, hizo ni alama za viwango, huo ni wa petroli kweli, ukipata SAE J30R9 ni bora zaidi japo bei imechangamka. Usio na maandishi yoyote, hata kama muuzaji anaapa kwa mama yake, rudisha. Mita mbili zinakutosha na chenji inabaki. Klipu chukua zile ndogo zenye mkanda laini kwa ndani, achana na zile zenye matundu matundu maana ukizikaza zinakula mpira kama msumeno. Nunua na filta moja na mtungi wa kuzimia moto wa poda, wa kweli, sio ule tulionao wa kumwonyesha trafiki.

Kazi yenyewe ifanye nje, asubuhi, injini imelala usiku kucha imepoa. Usifanyie kwenye shimo la gereji, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa unajaa mle shimoni kama maji na wewe uko chini yake. Na angalia upande wa jirani, kama kuna mtu anawasha jiko la mkaa ongea naye kistaarabu asubiri. Nyanyua kiti cha nyuma, betri iko pale chini, toa waya wa hasi uusogeze mbali. Ukiwa hapo hapo angalia kama betri ina kifuniko, kama hamna weka hata kipande cha raba nene, springi za kile kiti zikikaliwa na mtu mnene zinagusa vichwa vya betri na huo nao ni moto mwingine kabisa.

Mafundi wengi wanaanzia nyuma kwa sababu ndo injini inaonekana, mimi naanzia mbele. Sababu ni kwamba tangi liko juu kuliko bomba la nyuma, ukichomoa nyuma wakati tangi lina mafuta yatakumwagikia mpaka yaishe. Kwa hiyo subiri mafuta yafike robo au chini, nyanyua mbele kwa jeki uweke stendi (jeki peke yake hapana jamani, hata kwa dakika moja), ingia chini ya tangi utaona mpira mfupi unaotoka tangini kwenda kwenye bomba la chuma linaloingia kwenye mgongo wa katikati ya sakafu. Weka dumu, legeza klipu, chomoa upande wa bomba, acha tangi liishe lote. Vaa miwani, petroli ikiingia jichoni hutasahau.

Mpira uliokauka usiuvute kwa plaizi. Chukua wembe mpya uuchane kwa urefu taratibu bila kukwaruza chuma, alafu umenye kama ndizi. Hii ni muhimu zaidi kule juu kwenye kabureta, kale kamrija ka shaba kanakopokea mafuta kamechomekwa tu kwa kubana, ukikavuta kanalegea, siku ukiwa barabarani kanachomoka chenyewe na pampu inaendelea kumwaga petroli juu ya injini ya moto. Kashike ukatikise kidogo kwa vidole. Kakicheza, tatua hilo kwanza, mpira mpya hautakusaidia kitu.

Kata mpira mpya kwa wembe, mkato ulionyooka. Usitumie msumeno wa chuma, unaacha unga wa raba ndani na huo unga safari yake inaishia kwenye jeti ya kabureta, kale katundu kadogo ka kupitisha petroli. Pangusa bomba kutu yote mpaka liwe laini, lowesha mdomo wa mpira kwa petroli kidogo, sukuma uingie kama sentimita mbili na nusu, klipu ikae katikati ya hapo sio ukingoni. Kaza mpaka klipu isizunguke kwa vidole, basi. Ukikaza kwa hasira unakata.

Nyuma sasa, karibu na gia boksi, ndo kuna mpira unaosahaulika kuliko yote maana hauonekani ukifungua boneti, lazima ulale chini. Unaunganisha bomba la bodi na injini, na kwa vile injini inatikisika, mpira wenyewe unafanya kazi ya kupinda kila sekunde. Ukiuchomoa ziba bomba: livike kipande cha mpira cha muda, alafu chomeka humo bolti ndogo ya spana namba 10, inaingia vizuri kabisa na matone yaliyobaki hayakuangukii usoni. Huu uache na ulegevu kidogo, usiuvute ukanyooka kama kamba ya nguo. Pale bomba linapotoboa bati la injini panatakiwa pawe na pete ya raba, kama imepotea tafuta nyingine siku hiyo hiyo, kingo za lile bati zinakata mpira mpya kabla hujamaliza kujisifu.

Filta iweke huku chini karibu na gia boksi, mshale uelekee injini. Najua wengi wameining'iniza kule juu kati ya pampu na kabureta, inapendeza kweli kuangalia, ila uzito wake na ule mtikisiko ndo unavuta kale kamrija ka shaba nilikokusema.

Ukimaliza rudisha petroli kama lita tano tu, usiwashe. Lala chini uangalie mpira wa mbele na wa nyuma kwa tochi ya betri. Pakiwa pakavu rudisha betri, chomoa ule waya mwembamba unaopeleka umeme kwenye koili (inayotengeneza umeme wa plagi) ili kusiwe na cheche, mtu apige stata sekunde kumi kumi huku wewe umeshika mtungi unaangalia pampu. Pampu hii ni ya kusukumwa na injini yenyewe kwa hiyo itajaza mipira taratibu, usikate tamaa. Pakiwa pakavu bado, rudisha waya, washa, iache ingurume dakika kumi, zima, kaza klipu mara moja tena maana mpira ukipata joto unalainika. Zungusha mtaa, rudi, angalia tena.

Usiku tandaza boksi la kadibodi chini ya gari, mbele na nyuma. Asubuhi kabla ya kugusa swichi pitisha kidole chini ya kila klipu alafu unuse.